Barua kwa mwanangu: Troy Brown alikuwa nani uwanjani?

Mwanangu mpenzi,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Unauliza kama Troy Brown anastahili kuingizwa Canton, wanakoenziwa magwiji wa mpira wa Kimarekani, maana mwenzako wa kazini amekubana kwa takwimu: misimu 15, yote na timu ya New England Patriots, mipira 557 aliyodaka, yadi 6,366, tachidauni 31, yaani mara alizoufikisha mpira eneo la mwisho la wapinzani. Anasema wapokeaji wenye hesabu kubwa kuliko hizo wamejaa. Ni kweli, wamejaa. Lakini hizo ni hesabu za mpokeaji, na nimekwambia tangu uko shule: nafasi ni pale unaposimama kabla mpira haujaanza. Ukishaanza, wote ni wachezaji.

Kumbuka alikotoka. Mwaka 1993, timu zilipogawana wachezaji wapya kwa zamu, alichaguliwa raundi ya 8, mtu wa 198. Mwaka uliofuata timu ikamwacha, kisha ikamrudisha msimu ukiwa katikati. Januari 2002, kule Pittsburgh, alirudisha mpira wa teke yadi 55 hadi tachidauni. Baadaye teke la Steelers, timu ya Pittsburgh, likazuiwa, yeye akauokota mpira, na alipoona anakaribia kukamatwa akamtupia Antwan Harris, aliyemalizia. Tachidauni mbili, na hakuna hata moja iliyomo kwenye zile 31.

Mwaka 2004 walinzi wa pembeni waliumia, Ty Law mguu, Tyrone Poole goti. Kocha Bill Belichick akamchukua Brown, mpokeaji wa miaka 33, akamweka awe mlinzi wa tano, anayeingia wapinzani wakileta wapokeaji watatu. Ugumu wa kazi ile uko kwenye nyonga. Mpokeaji hukimbia mbele akijua atakata wapi. Mlinzi anarudi kinyumenyume, magoti yamekunjwa, na hatakiwi kugeuza nyonga mpaka mtu wake aonyeshe anakoelekea. Ukigeuka mapema, anakata upande wa pili na wewe umempa mgongo. Mpokeaji aliyehamishwa ana hatari nyingine: macho yamezoea kumtafuta mrushaji, huku mtu wake anampotea. Kilichomsaidia Brown ni kwamba njia zile zote alikuwa amezikimbia mwenyewe zaidi ya miaka kumi. Alinasa mipira mitatu msimu ule, mmoja wa Drew Bledsoe, aliyekuwa akimrushia yeye zamani. Na St. Louis, siku hiyohiyo aliyocheza ulinzi, alidaka tachidauni iliyorushwa na Adam Vinatieri, mpiga mateke!

Sasa nije San Diego, maana ndiko moyo wangu ulikobaki. Januari 14, 2007. Patriots wako nyuma 21 kwa 13, zimebaki dakika sita hivi, jaribio la nne, la mwisho kabla mpira haujakwenda kwa wapinzani. Tom Brady, mrushaji wa Patriots, anarusha, Marlon McCree, mlinzi wa San Diego, ananasa. Kwenye jaribio la nne angeupangua tu uanguke chini, na mpira ungekuwa wa San Diego vilevile. Akataka kukimbia nao. Mpira hubebwa kwa kufungwa mahali panne: vidole kwenye ncha, kigasha, msuli wa juu wa mkono, na mbavu. Hata mahali pamoja tu pakilegea, unachomoka. Wapokeaji wengi mpira ukinaswa humgeukia mwamuzi, mikono juu. Brown palepale akawa mlinzi. Hakuhangaika na mwili wa McCree, mkono ulikwenda moja kwa moja kwenye mpira. Ukadondoka, Reche Caldwell wa Patriots akauwahi. Patriots wakasawazisha, wakashinda 24 kwa 21. San Diego, walioshinda mechi 14 na kupoteza 2 tu, msimu ukawaishia nyumbani kwao.

Nikisema hivyo najipinga mwenyewe. McCree angelala chini, tungekuwa na nini cha kusimulia? Na wengi walioko Canton walifanya jambo moja kwa ubora wa hali ya juu miaka mingi, nayo ni haki yao. Ulinzi wa Brown ulikuwa wa kuziba pengo. Lakini ni mpokeaji gani mwingine angeliziba? Nafasi ni pale unaposimama kabla mpira haujaanza, narudia.

Hukumu iko mdomoni na unaijua, ila naizuia. Itafute mechi ya San Diego uitazame tena. Mpira ukitoka mkononi kwa Brady usimtazame McCree, macho yawe kwa namba 80. Halafu nipigie Jumapili, mama yako naye atakuwepo.

Baba yako