WASOMAJI WANAULIZA: Kaseti za baba na redio ya masafa mafupi

Shikamoo kaka. Marehemu baba yetu alikuwa mtu wa redio hasa, jioni akikaa barazani na redio yake humsemeshi mpaka Dira ya Dunia iishe. Ametuachia redio ya National ambayo haiwaki, boksi la kaseti alizorekodi mwenyewe miaka ya 70 na 80, kadi za stesheni za nje, na daftari limejaa namba tupu. Ndugu zangu wanasema redio iuzwe vingine vichomwe, mi roho inaniuma. Vina faida yoyote hivi vitu?
Msomaji, Tanga

Marahaba mdogo wangu, na poleni sana na msiba. Msichome kitu, nakuomba sana. Redio kama ile zilitengenezwa nyingi, anayeitaka ataipata tu, ila kaseti aliyorekodi baba huenda dunia nzima ikawa ndo hiyo hiyo moja. Enzi zile mikanda ilikuwa ghali, stesheni nyingi zilikuwa zikisharusha kipindi mkanda unafutwa unarekodiwa kingine juu yake, kwa hiyo taarifa ya habari ya jioni fulani ya 1978 wakati wa vita ya Kagera inaweza isiwepo tena huko ilikotoka, ila ipo hapo kwenu Tanga ndani ya boksi.

Anza na kuvunja vile vidude viwili vya plastiki mgongoni mwa kaseti, mtoto asije akabonyeza rekodi akafuta kila kitu. Yenye ukungu usiipige, itachafua mashine na nyingine zote zitakazofuata. Zilizo salama zizungushe taratibu mpaka mwisho kisha rudisha, ndo upige, kwenye dek nzima ambayo hedi yake, ile sehemu inayosoma mkanda, umeisafisha kwa spiriti na pamba. Unganisha kwa waya moja kwa moja kwenye kompyuta, usiweke simu mbele ya spika. Hifadhi kwa WAV, yaani faili la sauti lisilobanwa, biti 24 na kilohezi 48, hiyo MP3 iwe ya kutumiana WhatsApp tu. Nakala ziwe mbili nyumba mbili tofauti, na kaseti zenyewe usitupe, ziweke mbali na joto na unyevu, hapo pwani unyevu ndo adui mkubwa.

Na tafadhali ile mikwaruzo usiifute! Watu wakishahamisha wanakimbilia kusafisha sauti, wakati kule kupanda na kushuka na stesheni nyingine inayoingilia kwa nyuma ndo ushahidi wa jinsi dunia ilivyotufikia sisi. Hata ule muziki mfupi kabla matangazo hayajaanza uache, ule wa Deutsche Welle ulitoka kwenye opera ya Beethoven, Fidelio, na wazee wengi walikuwa wanaijua stesheni kabla mtangazaji hajafungua mdomo.

Ukikuta kaseti ina Kireno au Kizulu na matangazo yanatoka Dar usiseme hii haituhusu. Radio Tanzania Dar es Salaam ilivipa vyama vya ukombozi muda wa kutangaza kwenda kwao, FRELIMO wa Msumbiji walikuwepo, ANC wa Afrika Kusini nao na Radio Freedom yao. Hiyo kwangu ina thamani kuliko redio kumi za National.

Sasa daftari. Zile namba ni kilohezi, yaani pale stesheni inapokamatwa kwenye redio, 5050 ni RTD, 11735 ni Zanzibar, ambayo ilikuwa inasikika mpaka Marekani. Ukiona tarakimu tano mfano 45444 hiyo ni alama ya usikivu, nguvu, kuingiliwa, kelele, kufifia na hali kwa jumla, 5 ndo nzuri kabisa. Kuwa makini na saa, maana wazee waliandika saa zetu na waliokuwa wanaziandikia stesheni za nje ripoti za jinsi walivyozisikia waliandika UTC, saa ya kimataifa. Dira ya Dunia saa 12:30 jioni ni 15:30 UTC, na saa 8 usiku kwetu ni 23:00 UTC ya jana yake, hapo tarehe inahama, ukichanganya unakuta kipindi kimekaa siku ambayo hakikuwepo. Kadi nazo ndo majibu ya ripoti hizo, zipige skani mbele na nyuma pamoja na stempu.

Kuna taasisi au mtu akizitaka, mpe nakala kwanza. Na mama au rafiki wa baba waliokuwa wanakaa naye barazani warekodi sasa hivi, waulize walisikiliza nini, na nani, na siku gani walizima redio kwa huzuni.

Kwa nini siku hizi nikiwasha SW (masafa mafupi) nasikia kelele tupu?
Msomaji, Mwanza

Sababu ni mbili kaka. Mitambo iliyokuwa karibu yetu ilizimwa, ule wa BBC Ushelisheli mwaka 2014, wa Deutsche Welle Kigali Machi 2015, na Machi 2025 Sauti ya Amerika nayo ikakatika ghafla, kwa kweli iliniuma. Ya pili iko ndani kwako, taa za LED na chaja za simu zinatoa kelele nyingi sana kwenye masafa mafupi. Zima umeme wa nyumba nzima, tumia betri, tandaza waya mrefu nje uufunge kwenye antena, afu jaribu jioni mita 49 na 31, mchana mita 19 na 16, maana jua likiwepo masafa ya chini yanamezwa huko angani na usiku yanarudi. Wachina bado utawapata. Kama huna redio kabisa, chuo kikuu cha Twente huko Uholanzi kina kipokezi unachokizungusha mwenyewe kwa intaneti, bure, tangu 2008, ila unasikia kinachofika Uholanzi siyo Mwanza. Ukinasa kitu andika tarehe, saa na kilohezi uwatumie ripoti, zipo stesheni zinajibu kwa kadi mpaka leo.