Maandalizi ya mbio za matope na vizuizi

Ndugu muulizaji, umesema umejiandikisha kushiriki Tough Mudder ya kilomita 15 huko Uingereza, nawe una hofu kwa sababu huwezi kuning'inia kwenye nondo na kujivuta hata mara moja. Hofu hiyo ipunguze, kwa kuwa mbio hizo kwa kawaida hazipimi muda wa mshiriki, huruhusu kizuizi kinachokushinda kupitwa pembeni, na kuta zake ndefu zimekusudiwa kupandwa kwa kusaidiana.

Kinachowachosha wengi ni baridi pamoja na uzito wa nguo. Fulana ya pamba hunywa maji na kuning'inia mwilini hadi mwisho, hivyo vaa nguo nyepesi za kubana. Viatu viwe vya kukimbilia porini, vyenye meno marefu chini, na kamba uzifunge fundo mara mbili, maana tope zito humvua mtu kiatu bila taabu. Glavu, kwa maoni yangu, ni hasara tupu: zikilowa huteleza kuliko viganja.

Jambo ambalo hukuliuliza, nami naliona kubwa kuliko yote, ni mdomo. Mnamo Oktoba 2012, huko Nevada, Marekani, washiriki wa mbio za namna hii zilizofanyika kwenye ranchi ya ng'ombe waliugua kuhara kunakosababishwa na bakteria wa Campylobacter, na uchunguzi ukahusisha ugonjwa huo na kumeza maji ya tope. Kwa hiyo unapozama funga mdomo, usile kwa mikono michafu, na mchubuko wowote uoshe kwa maji safi na sabuni siku hiyohiyo.