Kalkulasi Kidato cha Tano: mwalimu anadai hatua

SWALI: Binti yangu ameanza Kidato cha Tano, mchepuo wa PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati). Mwalimu wao wa kalkulasi (hisabati ya mabadiliko) hatoi alama kwa jibu lisilo na hatua, wala hasahihishi kazi iliyochelewa. Kidato cha Nne hesabu alizimudu vizuri, lakini jaribio la kwanza kapata 31. Je, huo si ukali uliopitiliza?
Mzazi, Nkuhungu, Dodoma

JIBU: Pole, mzazi mwenzetu. Kuhusu hatua, mwalimu yuko sahihi kabisa, kwa kuwa hatua ndizo zinazofichua kosa lilipo. Chukua (3x + 1)⁵. Wengi wakitafuta mnyambuliko wake (yaani kasi yake ya kubadilika) huandika 5(3x + 1)⁴, wakasahau kuzidisha kwa 3 inayotoka ndani ya mabano. Jibu ni 15(3x + 1)⁴. Kwenye intigresheni, ambayo ni kinyume cha kunyambua, husahau kuongeza C, namba isiyobadilika.

Mkague pia kikokotoo chake. Sin 1 kwa radiani (kipimo kingine cha pembe) ni 0.841, kwa nyuzi ni 0.017. Kanuni za kunyambua sin na cos alizofundishwa ni za radiani, kwa hiyo kikiachwa kwenye nyuzi hesabu nzima huharibika ingawa njia ni sahihi.

Kazi iliyochelewa ni jambo jingine. Mwombeni mwalimu aisahihishe hata bila kuihesabia alama, maana mwanafunzi asiyesahihishwa hurudia kosa lilelile.

Jaribio lile alirudie lote kwenye karatasi safi bila kutazama masahihisho. Akikwama kwenye vipeo, sehemu au logi, tatizo si kalkulasi. Arudie kwanza aljebra ya vidato vya chini.