Unaanza kufuatilia askari wa Kijerumani wa vita kuu? Nishani iache kwanza

Nyie mnaoanza kusoma habari za askari wa vita kuu ya kwanza, nawaona wengi mnakimbilia nishani. Mtu akiona Msalaba wa Chuma, ile nishani ya Kijerumani ya vita, kifuani basi, huyo shujaa. Sasa ule wa daraja la pili walipewa watu kama milioni 5 vita ile, peke yake haukuambii kitu. Pour le Mérite, nishani ya juu ya ushujaa ya Prussia kwa maofisa, ndo ilikuwa adimu, hazikufika 700 vita nzima, ila nayo ina vituko vyake.

Mchukueni Rommel, yule jenerali wa Kijerumani wa vita kuu ya pili, ila sio enzi zake za vifaru na jangwa, namaanisha Rommel akiwa bado luteni, askari wa miguu. Kaingia rejimenti ya 124 ya Württemberg, jimbo la Ujerumani, mwaka 1910, Septemba 1914 kapigwa risasi ya paja kule Ufaransa karibu na Varennes, akapata Msalaba wa Chuma daraja la pili, mapema 1915 msitu wa Argonne akapata la kwanza, alafu akahamia bataliani ya milimani ya Württemberg na hapo ndo utamu unapoanza.

Oktoba 1917, Wajerumani wanapigana na Waitaliano kwenye mapigano ya Caporetto. Jenerali wa Kijerumani von Below kaahidi Pour le Mérite kwa ofisa wa kwanza kufika kilele cha mlima Matajur. Luteni mmoja, Schnieber, akaripoti amekiteka, akapewa nishani, kumbe alikuwa kilele cha jirani kinaitwa Colonna! Rommel ndo alifika Matajur yenyewe tarehe 26, akalalamika kwa wakubwa, na yeye na meja wake Sproesser wakaja kupewa za kwao Desemba. Ndo maana nasema fungua ramani ya vilima kwanza, fuata kikosi saa kwa saa, nishani utaikuta njiani.

Kitu kingine, uliza nani anasimulia. Kuna ile hadithi ya mlima Mrzli, mapigano hayo hayo, Rommel anatembea mbele akipunga leso nyeupe, Waitaliano wanasita, mara mamia wanatupa bunduki na kumkimbilia wakimbeba mabegani, na ofisa wao aliyesitasita anapigwa risasi na watu wake mwenyewe. Tamu sana, lakini inatoka kwenye kitabu alichoandika yeye 1937, na mtu anayejisimulia hajinyimi sifa. Anasema alipata mateka 9,000 na mizinga 81 kwa siku mbili na kitu, yeye kapoteza wafu 6, soma ukijua pia jeshi la Italia pale lilikuwa linasambaratika mstari mzima.

Na kabla hujachagua wa kumfuatilia angalia katokea jimbo gani la Ujerumani, maana nyaraka hazikutunzwa sehemu moja. Nyaraka za jeshi la Prussia zilikuwa Potsdam, nyingi zikaungua kwa mabomu Aprili 1945, za Württemberg zipo Stuttgart na za Bavaria zipo München. Ukimng'ang'ania Mprussia utaishia kwenye vitabu vya historia za rejimenti, ambavyo waliviandika maofisa wenyewe baada ya vita.