Kiwanja changu cha kwanza Mwanza kilikuwa barabara

Mwaka 2011 nilinunua barabara. Mimi niliona shamba la mihogo upande wa Igoma, miembe miwili, na dalali mwenye simu mbili aliyeapa kwamba eneo halina shida. Tukaandikishana mbele ya mashahidi, muhuri ukagongwa, nikamwaga mawe tripu sita. Msingi ulipokaribia kumwagwa jamvi, asubuhi moja nikakuta X nyekundu ubavuni.

Nilikwenda ofisi ya ramani nimefura. Mzee mmoja aliyebakiza muda mfupi astaafu akaitikia shikamoo yangu, akanitandikia karatasi kuukuu iliyotoboka kwenye mikunjo, akaweka kidole.

"Pole, mwanangu. Hapa ilichorwa njia ya malori ya viwandani."

"Viwanda gani, mzee? Mbona mihogo mitupu?"

"Viwanda havikuja. Ramani ikabaki."

Tangu siku hiyo, kila ndugu anayeniomba ushauri wa kiwanja namuuliza kwanza: hapo unapopataka palichorwa na nani, na lini? Maana sehemu kubwa ya mji huu haikupangwa na bei ya ardhi. Ilipangwa na serikali, kwa matarajio ya serikali.

Baada ya Azimio la Arusha la 1967, Mpango wa Pili wa Maendeleo, wa 1969 hadi 1974, ulichagua miji tisa ya kuipunguzia Dar es Salaam mzigo: Tanga, Arusha, Moshi, Mwanza, Mtwara, Mbeya, Morogoro, Dodoma na Tabora. Kwa Mwanza haikuwa kubahatisha. Pamba ilikuwepo, ziwa lipo, reli ilishafika tangu 1928, na kwenye barabara ya Musoma Mwatex ilikuwa inafuma nguo. Wachoraji wakatenga viwanda upande wao, makazi ya wafanyakazi upande wao, na njia pana katikati. Ardhi ilikuwa ya umma na haikuwa na bei, kwa hiyo kutenga eka mia au mia tatu kwa kiwanda ambacho bado ni wazo hakukumuuma mtu.

Moscow, enzi za Usovieti, ugonjwa ulikuwa huohuo, tena mkubwa zaidi. Wizara hazikulipia ardhi, basi viwanda vya zamani vikaendelea kukalia maeneo karibu na katikati ya mji, huku maghorofa marefu ya watu yakirundikwa pembezoni. Penye soko, mwenye kiwanda angeuza eneo lile la thamani akahamia nje. Kule hakukuwa na cha kumsukuma, mfanyakazi ndiye aliyelipa kwa saa za kwenye basi.

Sisi hatukufika huko, kwa sababu fedha zilituishia mapema. (Sijui kama ni la kushukuru.) Mwaka 1971 serikali ilitwaa majumba yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, yakawa ya Msajili wa Majumba, chombo cha serikali. Baada ya hapo nani angejenga ghorofa la kupangisha? Mwaka uliofuata yakaja madaraka mikoani, halmashauri za miji zikafutwa hadi 1978. Watu waliendelea kushuka stesheni na bandarini, viwanja vilivyopimwa havitoshi, saruji kwa kibali. Wakapanda milimani. Ukitazama Mabatini au Igogo, nyumba zimebebana juu ya mawe: hiyo ni Mwanza ambayo haikuwemo kwenye mpango wowote, na ndiyo iliyowapa watu pa kulala.

Sasa wewe unayenunua leo. Mlimani utakuwa karibu na mjini, lakini beba kiroba kimoja cha saruji toka barabarani hadi kwenye kiwanja kabla hujalipa. Kimoja tu. Kitakwambia gharama ya nyumba nzima. Maeneo yaliyochorwa zamani yana njia pana na mabomba yanayofuata njia hizo, ila ndiko unakoweza kununua shule au njia ya malori ukidhani ni shamba.

Na usidanganywe na msingi uliochakaa au migomba mitatu kwenye kiwanja. Zamani sheria haikutambua thamani ya ardhi tupu, uliuza maendelezo tu, kwa hiyo watu walipanda miti na kujenga msingi ili pawe na cha kuandika kwenye karatasi ya mauziano. Marekebisho ya 2004 yaliruhusu bei ya ardhi tupu, lakini tabia ilibaki. Msingi unathibitisha kwamba mtu alikuwa na mawe, basi. Muhuri wa mtaa nao unathibitisha kwamba mliuziana. Kama panajengeka, hilo liko kwenye ramani, na ramani inaonwa kwa macho yako, mezani, siyo kwenye simu ya dalali.

Cha pili nilinunua Buhongwa. Kabla ya kutoa hata mia nilifyeka majani mwenyewe nikaitafuta bikoni, lile jiwe la mpaka lenye namba ya upimaji, nikaikuta imezama kwenye udongo, nikaisugua kwa kandambili hadi namba ikasomeka. Dalali alinuna. Nikaipeleka namba kwa yule mzee, akaifuatisha kwenye karatasi yake, akasema, "Hapa lala."

Juzi nilipita Igoma. Barabara bado haijachongwa. Juu ya msingi wangu mama mmoja ameweka jiko anauza chapati, na ile X ameipaka chokaa.