Grafu ya bei ya korosho

Mwalimu mwenzangu, unasema wanafunzi wako wanachora grafu safi halafu wanakwama kwenye maswali ya mafumbo; usiwaongezee kuchora. Wape grafu iliyokwisha kuchorwa. Mimi huku Newala natumia bei ya korosho mnada kwa mnada, namba za kubuni tu: 3,000, 3,400, 3,500, 3,100. Nauliza, "Bei ilipanda zaidi wapi?" Nusu ya darasa watataja mnada wa tatu, kisa nukta yake ndiyo iko juu. Ugonjwa uko hapo: wanasoma kimo cha nukta, hawasomi mteremko, yaani ukali wa mstari unavyopanda; bei ilipanda zaidi kati ya mnada wa kwanza na wa pili. Kisha ichore upya, mhimili wima uanzie 2,900 badala ya 0. Mstari unapaa kama unapandisha Newala kutokea Masasi! Watoto wa wakulima hubisha wenyewe, "Mwalimu, mbona bei ni zilezile?"