Aliumia kwenye machimbo, mwajiri akakataa kulipa

Dada, unasema mwajiri amekataa kumlipa ndugu yako fidia, na anataka aweke sahihi kwenye karatasi ya kupokea elfu thelathini tu yaishe. Kwamba alikuwa kibarua wa siku wala hakuvaa glavu jiwe lilipomponda mkono hapo kwenye machimbo ya Njiru, Nairobi, hilo peke yake halimnyimi haki. WIBA, ile sheria ya Kenya ya mafao ya majeraha kazini ya 2007, inamnyima fidia aliyejiumiza kwa utovu wa nidhamu wa makusudi. Kusahau glavu (kama alipewa, maana wengi hawapewi!) ni jambo lingine kabisa. Na ulemavu wa kudumu ukifika asilimia 40, hata kisingizio hicho cha makusudi hakimsaidii mwajiri.

Msikimbilie mahakamani kwanza. Mahakama ya Juu ilishaamua Desemba 2019 kwamba madai haya yaanzie kwa mkurugenzi wa DOSH, ofisi ya usalama na afya kazini. Mwajiri alipaswa kuripoti ndani ya siku 7. Kama hakuripoti, nendeni wenyewe, na msivuke miezi 12 tangu ajali. Bebeni karatasi za hospitali, ujumbe wa M-Pesa wa malipo yake, na mwenzake aliyeshuhudia.

Hesabu yenyewe: mshahara wa miezi 96 mara asilimia ya ulemavu. Kwa 20,000 kwa mwezi na asilimia 15, ni 288,000. Asiweke sahihi kwenye ile karatasi ya elfu thelathini.

Uamuzi wa mkurugenzi usipowaridhisha, mna siku 60 za kupeleka pingamizi kwa mkurugenzi huyo huyo, kisha ndiyo mahakama ya kazi.